Vigingi Vyekundu Kwenye Ngitili

Kila kigingi nilichopigilia kilikuwa kimegeuka shimo. Vigingi ishirini, mashimo ishirini. Nilipita mstari kwa mstari na daftari mkononi, nikahesabu tena kwa sababu sikuamini, na hesabu ikatoka ileile. Wachimbaji walikuwa wamechimba palepale penye kigingi, si hatua mbili kulia wala hatua moja kushoto. Mashimo mengine yalikuwa ya kina cha kiuno, mengine yalimmeza mtu mzima ikabaki kusikika sauti tu. Udongo mwekundu ulikuwa umemwagwa juu ya nyasi ambazo kwa miezi mitano nilizihesabu shina kwa shina, na katika rundo moja niliona kipande cha bati chenye namba kumi na nne. Namba hiyo niliigonga mwenyewe kwa msumari.

Nilikuwa sijakanyaga pale kwa wiki nne. Wachimbaji watatu tu walikuwa bado hawajakata tamaa. Mmoja alitoa kichwa shimoni, akanitazama viatu kwanza, kisha daftari.

“Sista, wewe ndiye mwenye ramani?”

“Ramani ya nini?”

“Ya mwamba. Si nyie mliopima hapa kwa mistari, mkabeba udongo kwenye vifuko?”

“Nilikuwa napima majani.”

Akainama kuwaambia wenzake waliokuwa chini. “Jamani, eti majani!” Kicheko kikapanda kutoka shimoni. “Haya, sista. Na sisi tumekuja kukupalilia.”

Mwenye eneo sikumwona siku hiyo. Niliulizia habari zake katika nyumba tatu za jirani. Kote waliniitikia salamu vizuri, wakanipa kigoda, na nilipomtaja wakaanza kuzungumzia mvua.

Nieleze kwa mpangilio ilivyofika huko.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa afisa misitu Shinyanga, mwaka wangu wa sita. Nilikuwa nimepata nafasi ya masomo ya uzamili ya usimamizi wa bioanuwai, yaliyopangwa kwa watu walio kazini tayari: maofisa wanyamapori, watu wa hifadhi, wa misitu, wa uvuvi. Hatukuacha kazi. Vifurushi vya kusoma vilikuja kwa posta, majibu yetu yalikwenda kwa posta, na mara tatu katika miaka miwili tulikutana chuoni, safari ya siku mbili kwa treni, tukakaa wiki tatu. Kila mmoja alitakiwa kufanya utafiti katika eneo lake la kazi.

Nilipanga chumba uani, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mume wangu alikuwa kikazi Mtwara. Watoto wetu wawili walikuwa kwa bibi yao Lushoto, nilikozaliwa. Nilisoma alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajanyamaza, kisha nikaenda ofisini, ambako wenzangu waliniita Profesa wa Majani. Hawakuwa na ubaya. Lakini kila nilipokutana na jambo lililonifurahisha, kwa mfano namna mbegu za migunga zinavyosafiri tumboni mwa ng'ombe zikaota mbali na mama yao, hapakuwa na wa kumwambia. Nililiandika pembeni mwa ukurasa, nikatia tarehe. Bado ninavyo vile vitabu. Ukivifungua utadhani ni barua za mtu asiyejua anwani.

Wiki tatu za chuoni zilikuwa kitu kingine. Tulikuwa kumi na mmoja, na tuliongea mpaka sauti zikakauka. Palikuwa na mama mmoja wa hifadhi ya bahari aliyeweza kuzungumzia matumbawe chakula kizima bila kugusa sahani. Kisha kila mtu alipanda basi au treni yake, na mimi nilirudi kwenye chumba changu, kufuli likiwa na vumbi. Siku mbili tatu za kwanza nilikuwa naongea peke yangu njiani kwenda ofisini. Najua kwa sababu watu waliniambia.

Utafiti wangu ulihusu ngitili. Kwa Wasukuma, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, halafu hufunguliwa kiangazi, ng'ombe wanapokosa pa kula. Halina ukuta wala waya. Mipaka yake ni kichuguu fulani, mgunga fulani, korongo fulani, na kila mtu anaijua. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hulipishwa mbuzi. Nilitaka kujua ni mimea gani, na ndege gani, wanarudi mahali palipoachwa papumue hivyo mwaka hadi mwaka. Nilichagua ngitili mbili: moja Didia, karibu na mjini, na nyingine magharibi, saa mbili kwa baiskeli kutoka Segese. Huko nilikwenda mara moja kwa mwezi, kwa basi mpaka Kahama, kisha lori, kisha baiskeli ya kuazima.

Mwenye ngitili ya magharibi alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kidogo, mwembamba, goti moja bovu, mdomo usiopumzika. Alikuwa mjumbe wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na alikuwa mkali kwa waliovunja taratibu za malisho. Nusu ya majirani walikuwa wamewahi kumlipa mbuzi. Siku ya kwanza nilimweleza ninachosoma. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Kwa hiyo, mayu,” akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, “serikali imekutoa mjini, mtu mzima, mvi zinaanza, uje usome nyasi?”

“Ndiyo, baba.”

“Ng'ombe wangu yule mwenye pembe moja anazijua zote. Na hajawahi kwenda shule.” Akawaita wake zake waje wanione.

Hata hivyo alikubali. Alinitajia majina ya Kisukuma ya nyasi na miti, akinisahihisha matamshi bila huruma, na wake zake walinifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kula njiani. Kati ya watu wote wa miaka ile ambao hawakuwa chuoni, ni yeye tu aliyewahi kuniuliza swali kuhusu masomo yangu na akasubiri jibu.

Sasa nije kwenye kosa. Kitabu cha mbinu kilitaka mistari iliyonyooka, na katika kila mstari kiwanja cha sampuli kila baada ya hatua mia. Kila kiwanja kiwe na kigingi katikati, chenye namba, chenye rangi inayoonekana kwa mbali. Kila kiwanja kitolewe udongo kidogo, utiwe kwenye kifuko, uandikwe namba, upelekwe kupimwa. Nilinunua rangi kwa mwenye nyumba wangu. Alikuwa Mwislamu wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa mtaa uleule, na Kisukuma chake kilikuwa bora kuliko changu kwa mbali.

“Nyekundu ya nini, dada? Mlango?”

“Vigingi.”

“Vigingi!” Akamgeukia mkewe aliyekuwa anapima misumari. “Mpangaji wetu anatuhama. Anakwenda kuchimba.”

Tulicheka wote watatu. Ningeweza kumwuliza kwa nini aliwaza hivyo. Kazi yangu yote ilikuwa kuuliza, na hilo sikuliuliza.

Didia nilipigilia vigingi vyekundu, nikachukua udongo, na hakuna aliyejali. Kule ni vijiji vya mtama na pamba. Magharibi nilifanya vilevile, hatua kwa hatua, kama kitabu kilivyosema. Kisha, mwezi wa tano wa kupima, nikaongeza langu. Nilimwambia mwenye ngitili: “Tafadhali baba, mtu yeyote asiguse vigingi hivi. Hata kimoja kikisogezwa, kazi ya miaka miwili inaharibika.”

Aliitikia kwa kichwa. Nikaondoka kwenda chuoni.

Yaliyofuata niliyakusanya baadaye kwa watu mbalimbali, na nimeandika hapa yale tu ambayo watatu au zaidi walikubaliana. Baba yule alilichukua ombi langu kama kiapo. Alishinda ngitilini na fimbo yake. Wanawake waliokwenda kukata nyasi za kuezekea aliwazungusha wapite mbali. Waliomwuliza kuna nini, aliwajibu, “Ni vitu vya mama wa serikali. Msiulize.” Kwa wiki nzima kijiji kilimtazama mtu akilinda miti midogo yenye vichwa vyekundu.

Ndipo akafika mwanakijiji mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani kutoka Rwamgasa, upande wa Geita, alikofanya kazi kwenye mashimo. Kule alikuwa ameona watu wa makampuni ya utafiti wa madini. Walitembea kwa mistari iliyonyooka. Walipigilia vigingi vyenye namba kila baada ya hatua mia. Walibeba udongo kwenye vifuko. Na pale walipoweka walinzi, ndipo dhahabu ilipokuwa. Alisimama mpakani akaangalia. Alimwuliza mwenye ngitili, akajibiwa vilevile, asiulize. Hakubishana naye. Alipanda baiskeli yake akaelekea Segese.

Siku ya tatu ilikuwa rashi, kama wachimbaji wanavyoita wimbi la watu linalofuata habari za dhahabu. Walikuja na sululu, karai na magodoro. Nyuma yao wakaja wanawake wa maandazi na chai, kisha wanunuzi wenye vipimo vidogo mfukoni. Mwenye ngitili alisimama mbele yao na fimbo. Mmoja alimwambia, “Mzee, umekula, tuache na sisi tule.” Alisimama mpaka goti likakataa, akakaa chini, wakampita kulia na kushoto.

Baada ya siku tisa wengi waliondoka. Hawakupata kitu. Lakini miti ilikuwa imekatwa kukingia mashimo, na nyasi zilizowekwa akiba ya kiangazi, si kwa ng'ombe wake tu bali kwa wale wa nyumba nyingi alizokuwa amezoea kuzifungulia, zilikuwa zimelala chini ya udongo.

Kijiji kilikutana katika dagashida, baraza lao kubwa. Shitaka lilikuwa moja: ameiuza ngitili kwa siri. Ushahidi ulikuwa vigingi, vifuko, barua ya kibali ya wilaya niliyokuwa nimemwachia, na zaidi ya yote, ulinzi wake. Alijitetea kwamba ni mambo ya majani. Watu walicheka. Wale waliowahi kulipa mbuzi hawakucheka, walisubiri. Hukumu ikawa kutengwa. Asisalimiwe. Asipewe moto wala chumvi. Asisaidiwe kulima. Ng'ombe wake wanywe baada ya ng'ombe wote kunywa. Yeyote atakayemsemesha, naye alipe.

Hayo niliyajua safari iliyofuata, nilipomkuta kisimani saa za jua kali, wakati ambao hakuna mwingine anayechota.

“Shikamoo, baba.”

Aligeuka taratibu. “Rudia.”

“Nini, baba?”

“Hiyo shikamoo. Nilikuwa nimesahau inavyosikika.” Akacheka kidogo, kisha akaitika. “Marahaba, mayu. Marahaba sana.”

Nilimwuliza kama sitatozwa kwa kuongea naye. Akatikisa kichwa. “Adhabu ni kwa watu wa hapa. Wewe humo kwenye hesabu.”

Aliyasema bila ubaya, na yalikuwa kweli. Miaka sita katika mkoa ule, nilikuwa na uhuru wa kumsalimia kwa sababu kwa kijiji kile sikuwa mtu wa kuadhibiwa. Nilijaza ndoo yake ya pili.

“Nitawaambia,” nikasema. “Vigingi ni vyangu.”

“Waambie.” Akatua ndoo. “Lakini mayu, niambie mimi kwanza. Kweli yalikuwa majani?”

“Kweli, baba.”

“Maana hata mimi, nikilinda pale, nilikuwa nasema moyoni: mtu hawezi kutoka mjini kwa ajili ya majani.”

Niliandika barua kwa baraza, kurasa mbili, nikaeleza kila kigingi. Nilitaka igongwe muhuri wa ofisi. Mkuu wangu aliisoma amesimama.

“Hii siigongi.”

“Ni kweli tupu, mzee.”

“Najua ni kweli. Ndiyo maana siigongi. Ukisema vigingi ni vya ofisi, kesho kijiji kizima kiko mlangoni hapa kinadai nyasi zake. Masomo ni yako binafsi. Iandike binafsi.”

Niliipeleka bila muhuri. Katika dagashida wanawake hawasimami kusema, na mgeni ndiyo kabisa. Nilikaa pembeni na kina mama waliobeba watoto, nikasikia katibu wa sungusungu akiisoma barua yangu kwa Kisukuma. Nilielewa nusu. Alipomaliza, mzee mmoja aliuliza swali, na mama aliyekuwa karibu nami akanitafsiria bila kunitazama: “Anauliza, muhuri uko wapi?”

Hapakuwa na muhuri. Mwingine akasema barua isiyo na muhuri ni barua ya mnunuzi. Wakabishana kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na hilo lilinipa tumaini. Uamuzi ulikuwa kwamba shauri litasikilizwa upya baada ya mavuno, na mpaka wakati huo hukumu ibaki ilivyo.

Wakati huohuo msimamizi wangu wa utafiti alijibu barua niliyomwandikia nikimweleza kwamba sina tena viwanja. Nilitegemea aniruhusu niache. Aliandika mistari michache: kwamba ninazo takwimu za kabla ya mashimo, jambo ambalo watafiti wachache wanalo, na sasa nipime baada ya mashimo. Ni mimea gani inaota kwanza kwenye udongo uliogeuzwa? Ni ndege gani wamebaki? “Umepata bahati ya kitaaluma,” aliandika. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Kisha nikafanya alivyosema.

Kwa mwaka mmoja nilikwenda kila mwezi kupima mashimo ishirini. Mwenye ngitili alinifuata mstari kwa mstari, goti likilalamika, akitaja mimea iliyochomoza kwenye marundo: magugu ya mashambani kwa wingi, kisha mlama mmoja uliochipua kwenye kisiki, kisha nyasi moja nyembamba ambayo alishangilia kuiona. Hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye nje ya boma lake, kwa hiyo aliongea mfululizo. Na mimi, niliyekuwa nikiandika furaha zangu pembeni mwa kurasa, nilimsimulia habari za mbegu zinazosafiri tumboni mwa ng'ombe. Alisema analijua hilo tangu utotoni. Tukabishana kuhusu mkwaju. Zilikuwa siku zangu bora za miaka ile, na nilijua zinatokana na nini. Sikuwahi kumwambia. Wakati wa kuondoka ulipofika alinisindikiza mpaka mpakani tu, kwa sababu kupita hapo angekutana na watu wakigeuza nyuso.

Nilifaulu. Wasahihishaji walisifu sura ya nne, ya mashimo.

Mavuno yalikuja, baraza likaahirisha kwa sababu ya msiba. Likaahirisha tena kwa sababu ya wizi wa ng'ombe uliowashughulisha sungusungu wote. Kisha barua ya uhamisho ikanifikia: nilitakiwa Ruvuma ndani ya mwezi mmoja, na cheo kipya, kwa kuwa sasa nilikuwa na shahada. Kabla ya kuondoka nilimwomba tena mkuu wangu muhuri. Safari hii aliugonga, labda kwa sababu nilikuwa naondoka na madai yakija angesema mwenye vigingi ameshahama. Nilifunga safari ya mwisho nikamkabidhi katibu barua mkononi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaukagua muhuri kwenye mwanga, akasema itasomwa.

Mwenye ngitili alikuwa amekwenda kutafuta ng'ombe aliyepotea, wake zake wakaniambia. Nilingoja mpaka lori la mwisho la Kahama lilipokaribia kuniacha.

Kutoka Ruvuma niliandika kwa katibu mara mbili. Sikujibiwa. Mwaka uliofuata mwenzangu mmoja wa masomo alipita Segese kikazi, nikamwomba akaulize. Alifika. Aliandika kwamba boma lilikuwa na watu, ua wa minyaa ulikuwa umepunguzwa upya, na ng'ombe walikuwa malishoni, ila mwenyewe hakuwepo. Alimkuta mwanamume mmoja kisimani, akamsalimia, akamwuliza kama mzee yule sasa anasalimiwa. Mtu yule aliitika salamu, akajaza ndoo yake, akaifunga kwenye baiskeli, akaondoka.